Unguja na Madina kwenye uzi mmoja wa sumaku

Karibu na tarehe 21 Machi, na tena karibu na tarehe 21 Septemba, jua huzama Unguja na Madina karibu kwa wakati mmoja. Tofauti ni dakika moja au mbili, kwa kuwa mahali hapa pawili pamekaa takriban kwenye longitudo moja, digrii 39 na ushei mashariki. Muadhini wa Mji Mkongwe akiwa anamaliza adhana ya Magharibi, mwenziwe wa Madina naye kesha kohoa, yuko mbele ya kipaza sauti. Juni hali ni nyingine. Unguja jua linazama kiasi cha saa kumi na mbili na robo jioni, na Madina bado linawaka hadi saa moja na dakika kumi usiku. Desemba mambo hugeuka: Madina giza linaanza kuingia na Unguja watoto bado wanacheza mpira ufukweni, jua limebakisha karibu saa nzima.

Kwa wengi hiyo ni habari ya ratiba ya sala na saa ya futari. Kwangu mimi, ambaye kwa miaka nimekuwa nikifuatilia anga la juu la ikweta, saa hiyo moja ndiyo inayoeleza jambo ambalo vipimo vya setilaiti vilituonyesha na bado hatujalipa uzito unaostahili hapa kwetu: nishati ya sumakuumeme inayozunguka mapovu ya plazma, yaani mianya inayojitokeza usiku ndani ya gesi yenye chaji ya umeme ya anga la juu, haitoki ikweta ikagawanyika kwenda pande mbili kama tulivyozoea kuichora. Inapita. Inaingia kwa kizio kimoja cha dunia na kutokea kwa kingine.

Kabla sijaenda mbali, niushike uzi wenyewe.

Ikweta ya sumaku si ile yenye kibao cha kupigia picha pale Nanyuki au Kayabwe. Upande wetu wa Afrika ikweta hiyo iko kaskazini zaidi, inakata Ethiopia karibu na digrii 9 au 10. Pande zake mbili, nyuzi za uga wa sumaku wa dunia hujipinda kama pinde, kila uzi ukiwa na mguu mmoja kusini na mwingine kaskazini. Shika uzi ulio juu ya Unguja kwenye kimo cha kilomita 100 hivi. Ufuate kuelekea kaskazini. Utapanda juu ya Kenya, utafika kileleni juu ya Ethiopia kwenye kimo cha takriban kilomita 600, utaanza kushuka juu ya Bahari ya Shamu, na mguu wa pili utaukuta juu ya ardhi ya Hijazi, pande za Madina. Kule juu elektroni huteleza kwa wepesi mkubwa kufuata uzi, na huvuka uzi kwa taabu sana. Kwa hiyo, kwa mambo ya umeme, anga la Unguja lina ujirani wa karibu zaidi na anga la Hijazi kuliko na anga la Tabora.

Sasa jua likishazama. Tabaka la chini la ionosfia, yaani la anga lenye gesi hiyo yenye chaji, kati ya kilomita 100 na 150, hufifia upesi, kwa sababu ioni zake ni za molekuli na hizo huungana na elektroni haraka. Tabaka la juu, kilomita 300 na kuendelea, limejaa ioni za oksijeni moja moja ambazo hazina haraka hiyo, basi linabaki nene hadi usiku mkubwa. Unapata kitu kizito kimekalia kitu chepesi. Na muda huohuo wa machweo uga wa umeme wa ikweta huongezeka ghafla kabla ya kugeuka, ukalisukuma tabaka zito juu zaidi. Chukua glasi, weka mafuta ya kupikia, halafu jaribu kumimina maji juu yake taratibu. Maji hayakai. Yanazama kwa ndimi, na mafuta yanapanda kwa ndimi katikati yake. Angani ulimi huo mwepesi unaopanda ndio povu la plazma: upana wake aghalabu ni makumi ya kilomita hadi mia hivi, plazma ndani yake imepungua mara 10, mara 100, wakati mwingine mara 1,000, na kilele chake huweza kuvuka kilomita 1,000. Halina umbo la mpira. Ni kama ganda la ndizi lililolazwa kusini-kaskazini kufuata nyuzi, huku likielea kwenda mashariki kwa mwendo wa kiasi cha mita 100 kwa sekunde.

Machi moja nilikaa juu ya paa la zege, simu nimeiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, programu ya kuonyesha setilaiti za GPS iko wazi. Saa mbili na nusu usiku nguzo zote, kila moja ikionyesha nguvu ya ishara ya setilaiti yake, zilikuwa zimetulia. Baada ya muda nguzo tatu za upande wa kaskazini zikaanza kupanda na kushuka, 44, 31, 40, 29, kila sekunde chache, na zile za kusini hazikutikisika. Hapakuwa na wingu, hapakuwa na upepo, simu sikuigusa. Kesho yake nilirudi palepale dakika 4 kabla ya saa ileile, kwa kuwa setilaiti za GPS hurudia nafasi zao angani dakika 4 mapema kila siku. Kama mtikisiko ule ungeletwa na ukuta wa jirani au tangi la maji, ungejirudia. Nguzo zilikaa wima usiku mzima. Nilichokiona usiku wa kwanza kilipita, kikaenda zake mashariki.

Mawimbi ya GPS hutikiswa na vipande vidogo vya plazma vya mita mia chache, vinavyozaliwa kwenye kuta za povu linapochanika. Na sisi wa pwani hatuko pembeni ya jambo hili. Usiku plazma ya ikweta ya sumaku huwa imeshamwagika kando, ikarundikana kiasi cha digrii 15 kusini na kaskazini, na povu likipita penye mrundikano huo ndipo mtikisiko unapokuwa mkali kuliko mahali pengine. Kusini ya Kenya na pwani ya Tanzania zipo chini ya rundo la kusini. Mpima ardhi anayesubiri kipokezi chake kimpe nafasi ya sentimita jioni ya Machi, na nahodha anayetazama kifaa chake usiku, wote wawili wako mahali ambapo kuta za povu huumiza zaidi.

Neno “povu” nitaendelea kulitumia kwa kuwa ndilo lililozoeleka, lakini lina kasoro. Linatufanya tufikiri juu ya kitu kilichofungika, kinachoelea chenyewe kama povu la sabuni. Historia ya uchunguzi wake imesaidia kuijenga picha hiyo. Mwaka 1938 Booker na Wells waliandika juu ya mwangwi wa redio uliotawanyika ovyo usiku huko Huancayo, Peru. Mwaka 1976 Ronald Woodman na César La Hoz, wakitumia rada kubwa ya Jicamarca nje ya Lima, walionyesha minara ya mwangwi ikipaa kama moshi wa tanuri, na tangu hapo dunia nzima imekuwa ikitazama povu kama moshi: linaanza wapi, linapanda hadi wapi, linazimika saa ngapi. Kazi ile ilikuwa kubwa na mimi naiheshimu. Lakini rada moja chini ya ikweta huona kilicho juu yake. Haioni miguu.

Povu ni saketi. Kuta zake mbili, ya mashariki na ya magharibi, hubeba mikondo ya umeme inayoshuka na kupanda kufuata nyuzi za sumaku, na saketi hiyo lazima ifungike mahali fulani. Inafungika chini, kwenye tabaka la kilomita 100 hadi 150, kwenye ile miguu. Ukitaka kujua tabia ya saketi, hutazami tu balbu inawaka vipi. Unauliza nguvu inatoka wapi na inaishia wapi.

Njia ya kuuliza swali hilo imekuwepo tangu 1884, mwaka ambao John Henry Poynting wa Birmingham alionyesha kwamba nishati ya umeme husafiri ndani ya nyuga zinazozunguka waya, na mwelekeo wake hupatikana kwa kuuzidisha uga wa umeme na uga wa sumaku kwa namna ya msalaba. Kwa povu la plazma mahesabu ni mafupi mno kiasi kwamba mtu anaweza kuyafanya kwenye karatasi ya sambusa. Tuseme setilaiti imekata ukuta wa povu na kukuta badiliko la uga wa umeme la milivolti 2 kwa mita, na badiliko la uga wa sumaku la nanotesla 2. Zidisha, kisha gawa kwa thamani ile ya kudumu ya sumaku katika ombwe. Unapata kiasi cha mikrowati 3 kwa kila mita ya mraba. Mwanga wa jua nje ya angahewa ni wati 1,361 kwa mita hiyohiyo. Tandaza mikrowati zako kwenye eneo la kilomita 100 kwa 100 na jumla yake haizidi sana kilowati 30, nguvu ya jenereta ya hoteli ya kawaida.

Hapo ndipo watu wengi huacha kusikiliza. Jenereta moja kwenye anga lote? Lakini angalia kipimo chenyewe kinavyopatikana. Uga wa sumaku wa dunia kule juu, upande wetu, unazidi nanotesla 25,000. Tunachokitafuta ni nanotesla 2 ndani yake, sehemu moja katika zaidi ya elfu kumi, na tunaitafuta kutoka kwenye chombo kinachokimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Kikipatikana, alama yake ya kujumlisha au kutoa hutuambia nishati inaelekea kusini au kaskazini. Ukubwa wa nishati ni mdogo, sawa. Mwelekeo ndio habari.

Setilaiti tatu za Swarm, za Shirika la Anga la Ulaya, zilirushwa kutoka Plesetsk, Urusi, tarehe 22 Novemba 2013. Njia zake hupita karibu na ncha za dunia, kwa hiyo zinapokata eneo la ikweta huenda kusini-kaskazini, karibu sambamba na nyuzi zenyewe. Maana yake ni kwamba katika safari moja ya dakika chache chombo kinaweza kuliona povu upande wa kusini wa ikweta ya sumaku, kisha likaonekana tena upande wa kaskazini. Rada ya ardhini haina uwezo huo. Mwaka 2017 Juan Rodríguez-Zuluaga na wenzake, wakifanyia kazi vipimo vya Swarm, walitoa matokeo yaliyokwenda kinyume na matarajio.

Matarajio yalikuwa haya: jenereta iko ikweta, kwenye tabaka la juu, ambako uvutano wa dunia unavuta plazma nzito kwenda chini. Nishati itoke pale, iteremke kwa mguu wa kusini na kwa mguu wa kaskazini, kama maji ya mvua kwenye paa la mgongo. Ukiwa kusini mwa ikweta uione ikienda kusini. Ukivuka, uione ikienda kaskazini. Swarm ilionyesha kwa jumla mwelekeo mmoja pande zote mbili. Nishati iliyokuwa ikienda kusini ilikuwa ikienda kusini hata ilipokuwa bado kaskazini mwa ikweta. Na upande wa Amerika na Atlantiki, ambako mchepuko wa dira, yaani pembe kati ya kaskazini ya dira na kaskazini halisi, hubadilika sana ukisogea kidogo tu mashariki au magharibi, mwelekeo huo uligeuka ghafla kutoka kizio kimoja kwenda kingine.

Paa la mgongo halipo, basi. Tuna kitu kinachofanana zaidi na mlango na dirisha vilivyoelekeana, na upepo unakatiza chumba.

Kuna pingamizi zinazostahili kusikilizwa. Vifaa vya Swarm vya kupima uga wa umeme vimekuwa na matatizo yake tangu mwanzo, na anayezidisha namba mbili zenye makosa hupata kosa kubwa zaidi. Hilo ni kweli kwa ukubwa wa nishati. Ila makosa ya kifaa hayajui jiografia. Hayana sababu ya kubadili alama yakifika longitudo fulani ya Amerika, wala ya kukubaliana na umbo la uga wa sumaku wa dunia. Ndiyo maana mimi nauamini mwelekeo zaidi ya ninavyoamini idadi ya mikrowati.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanaosema mawimbi ya Alfvén, yale yanayobeba nishati hii kwenye nyuzi, hugonga tabaka la chini na kurudi, kwa hiyo setilaiti huona mchanganyiko wa yanayokwenda na yanayorudi. Nalo ni kweli. Kwenye plazma nene ya usiku wimbi la namna hiyo huenda kilomita kama 160 kwa sekunde, na ndani ya povu, penye plazma chache, huweza kupita kilomita 1,000. Uzi wetu wa Unguja na Hijazi una urefu usiofika kilomita 4,000. Ndani ya nusu dakika au chini ya hapo, miguu yote miwili imeshapashana habari mara moja au zaidi. Lakini hapo pingamizi linageuka kuwa hoja ya upande wangu. Kama habari zinakwenda na kurudi haraka kiasi hicho, povu halikui kwa kufuata yaliyoko kileleni peke yake. Linakua kwa ruhusa ya miguu.

Na ruhusa hiyo hutolewa au hunyimwa vipi? Kupitia uwezo wa tabaka la chini wa kupitisha umeme. Mguu ulio mwangani bado unapitisha umeme vizuri. Ukuta wa povu unapojaribu kujijengea uga wa umeme ili usukume plazma juu, mguu huo unaunyonya mkondo kama waya uliogusishwa ardhini, na povu linadumaa. Ni breki. Miguu yote ikiwa gizani, tabaka la chini limefifia, breki zimeachiwa, povu linapaa. Mwaka 1985 Roland Tsunoda alieleza kwamba msimu wa mapovu kila mahali duniani hufuata kipindi ambacho mstari wa machweo unalingana na mwelekeo wa nyuzi za sumaku, yaani miguu yote miwili inapoingia gizani kwa pamoja. Brazil, ambako dira imechepuka sana magharibi, kipindi hicho huangukia karibu na Desemba. Afrika Mashariki, ambako dira haichepuki kwa kiasi cha kuhesabika, ni Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba.

Ndiyo adhana zetu mbili. Zikiadhiniwa pamoja, breki zote zimeachiwa kwa pamoja. Zikiachana kwa saa nzima, mguu mmoja unaendelea kushika.

Weka sasa matokeo ya Swarm juu ya maelezo ya Tsunoda. Yeye alituambia lini breki zinaachiwa. Mwelekeo wa nishati unatuambia ni mguu upi ulioshika, kwa sababu nishati humalizikia pale penye kitu cha kuipokea na kuigeuza joto. Haya mawili sikuyaona yakiwekwa pamoja kwa uzito katika mijadala ya kwetu, na ndiyo sababu ya makala hii. Tunaongea juu ya povu kama msiba unaotokea Ethiopia na kutumwagia mabaki. Mimi nasema nusu ya uamuzi wa povu hilo hufanyika kilomita 100 juu ya vichwa vyetu, kwenye mguu wa kusini, kuanzia Malindi hadi Dar es Salaam na kuendelea, na nusu nyingine juu ya Hijazi.

Likikubalika hilo, basi vifaa vyetu tumevichagua kwa jicho moja. Tangu kampeni za Mwaka wa Kimataifa wa Heliofizikia, 2007, Afrika imepokea vipokezi vingi vya GPS vya kisayansi. Nairobi na Kampala zilipata vya kupimia mtikisiko, na Malindi na Mbarara zimekuwa kwenye mtandao wa kimataifa wa vituo vya GPS. Ni jambo jema na limezaa wanasayansi wa kweli. Lakini GPS hujumlisha elektroni zote njiani, kutoka kwenye setilaiti iliyo zaidi ya kilomita 20,000 hadi ardhini, na katika jumla hiyo tabaka la chini la wakati wa machweo ni chumvi kidogo kwenye sufuria ya pilau. Kipimo kinacholiona povu hakiioni breki yake. Ni kama kumchunguza mgonjwa kwa kupima homa tu, kila jioni, kwa miaka kumi na mitano.

Bara zima la Afrika halina rada ya aina ya Jicamarca, ile inayosoma plazma kwenye kila kimo. Siombi rada hiyo, najua bei ya vitu. Ninachokidai ni kidogo kuliko hapo: ionosondi mbili, moja kwenye kila mguu wa uzi mmoja. Ionosondi hurusha mawimbi ya redio wima, ikipandisha masafa hatua kwa hatua, na kusikiliza mwangwi unarudi kutoka kimo gani. Usiku wa manane tabaka la chini huwa limefifia mno hata kwa kifaa hicho. Saa ya machweo lakini bado linasikika, na saa hiyo ndiyo tunayoihitaji, ile ambamo uamuzi unafanyika. Upande wa Saudia chuo kikuu kilichoko Jeddah kina historia ya kupima ionosfia. Upande wetu kinatakiwa kifaa pwani, kwenye longitudo ileile, na makubaliano ya kupashana vipimo kila jioni. Bahari iliyowapitisha manahodha na kaskazi na kusi kwa karne nyingi ina uhusiano wa pili juu yake, wa umeme, ambao hakuna aliyeuwekea daftari la pamoja.

Kuna kazi nyingine isiyohitaji hata kifaa. Data za Swarm hutolewa bure. Mwanafunzi wa uzamili Dar es Salaam, Nairobi au Makerere, mwenye kompyuta ya kawaida, anaweza kuchukua kila mpito wa jioni kati ya longitudo 35 na 45 mashariki tangu 2014, akatenga zile zilizokata povu, akaangalia alama ya nishati kusini na kaskazini ya ikweta ya sumaku, kisha akaiweka pembeni ya tofauti ya saa ya machweo kati ya miguu miwili. Atahitaji subira, kwa kuwa setilaiti hizo huchukua zaidi ya miezi minne kuzunguka saa zote za siku, na jioni ya Machi haiangukii kila mwaka. Hata hivyo miaka ya kilele cha jua karibu na 2024 imeongeza mapovu makubwa kwenye kumbukumbu. Mimi nina dau langu: mwezi Juni, jua linapochelewa kuzama Hijazi, mapovu machache yatakayopatikana yatakuwa na nishati inayoelekea kaskazini, na Desemba inayoelekea kusini, kwetu. Akikuta kinyume, nitafurahi vilevile, maana hapo itabidi tuutafute mkono mwingine unaoshika breki, labda upepo wa anga la juu, labda udhaifu wa uga wa sumaku upande mmoja.

Wanaosema hii si kazi ya watu wa pwani hii wanasahau Ngomeni. Kilomita chache kutoka kijiji hicho cha wavuvi, kaskazini ya Malindi, majukwaa ya San Marco ya Waitaliano yamesimama baharini kwa miguu ya chuma. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza miali ya eksirei angani ilirushwa pale na kupewa jina la Uhuru. Iliyo muhimu kwa hoja yangu ilikuja baadaye. Tarehe 25 Machi 1988, siku chache tu baada ya machweo ya Unguja na Madina kukutana, roketi ya Scout ilipanda kutoka jukwaa lilelile ikiwa imebeba San Marco D, na ndani yake kifaa cha kupima uga wa umeme wa ionosfia ya ikweta. Njia yake iliinama digrii 3 hivi tu kutoka ikweta, kwa hiyo haikwenda mbali nayo. Katika miezi yake ya uhai, hadi Desemba ya mwaka huo, ilipita ndani ya mapovu tena na tena na kurekodi uga wa umeme ndani yake. Roketi ile ilikuwa ya mwisho kurushwa pale.

Kwa hiyo moja ya namba mbili za Poynting ilipimwa na chombo kilichoondoka mbele ya macho ya wavuvi wa Ngomeni, miaka 25 kabla ya Swarm. Majukwaa yale bado yanaonekana kutoka ufukweni, na mguu wa kusini wa uzi uko juu yake. Ionosondi ya kwanza ningeiweka hapo, antena zake ndani ya uzio wa kituo cha nchi kavu, iwashwe wiki ya tatu ya Machi, saa kumi na moja na nusu jioni.